Simu, tasnifu na neno "kesho"

Nimepotea kidogo kwa sababu ya mihangaiko ya kazi, na mnajua chumba cha habari hakina Jumapili. Leo nimeiba saa mbili niandike jambo ambalo limenikaa kifuani tangu muhula ule ulipokwisha. Linahusu wanafunzi wetu wa vyuo vikuu, simu zao, na lile neno dogo linalomaliza watu: "kesho".

Kila ninapokaa na wakubwa, hasa wale waliosoma kwa taa ya chemli, nasikia hukumu ile ile. Vijana wa siku hizi wavivu. Wanashinda mtandaoni. Bumu likitoka, hela yote ya kujikimu inaishia kwenye bando. Hukumu hii inatolewa kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa, hata msikitini na kanisani, na anayeitoa haoni haja ya ushahidi, maana kijana mwenyewe amekaa pale mbele yake kainamia simu. Sasa mimi kazi yangu ni kuuliza maswali, na swali langu ni moja tu. Kama ni uvivu, mbona hawapumziki? Mvivu ninayemjua mimi hulala mkekani akakoroma. Hawa wanakesha, macho mekundu, roho juu, halafu asubuhi hawajaandika hata aya moja. Uvivu gani huo unaochosha kuliko kazi?

Nimepata nafasi ya kulitazama jambo hili kwa karibu kupitia mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Jina lake na la chuo chake nayahifadhi, na mwenyewe ameniruhusu kusimulia kwa sharti hilo. Wakati haya yanatokea alikuwa mwaka wa tatu, anasoma sosholojia katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Mama yake anauza mchele sokoni Morogoro. Bodi ya Mikopo ilimpa sehemu ya ada, na sehemu iliyobaki mama mdogo aliitafuta kisado kwa kisado, miaka mitatu mfululizo. Kwa hiyo tasnifu ya mdogo wangu haikuwa karatasi tu. Ndani yake kulikuwa na magunia ya mchele.

Mwezi wa tatu mama mdogo akanipigia simu. "Baba, hebu nenda kamwone mdogo wako. Nikimuuliza hiyo risachi imefika wapi, ananiambia inaendelea. Krismasi inaendelea, Januari inaendelea, leo inaendelea. Inaendelea kwenda wapi?"

Nikaenda Jumamosi. Tukakaa kwenye kimbweta chini ya mti, akanieleza. Sura ya kwanza aliipeleka mwezi Desemba, na msimamizi akairudisha ikiwa imejaa maoni ya wino mwekundu. Tangu hapo hajakanyaga ofisini kwake. Wiki kumi na moja! Sura ya pili, yaani mapitio ya maandiko pamoja na nadharia inayoongoza utafiti, ilikuwa na kichwa tu, chini yake ukurasa mweupe. Tarehe ya kukabidhi tasnifu ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa sita. Alishafika mahali akimwona msimamizi kwa mbali anakata kona.

"Kaka, mimi kila siku naanza kesho," akaniambia, na hakuwa anatania.

Simu nyingi za siku hizi zinajihesabia zenyewe muda zinaotumika. Tukafungua ya kwake. Wastani wa wiki ile ulikuwa saa sita na dakika arobaini kwa siku. Zidisha kwa siku saba, unapata karibu saa arobaini na saba, zaidi ya wiki nzima ya mtu wa ofisini. Tumtendee haki lakini, si saa zote hizo zilikuwa za upuuzi. Matangazo ya lekcha, ratiba ya testi, madesa, vyote vinapita kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Kumwambia mwanafunzi wa leo azime simu moja kwa moja ni kama kumwambia mvuvi asiende baharini kwa kuwa kuna papa. Ila sehemu kubwa, na yeye mwenyewe hakubisha, ilikuwa video fupi fupi na ugomvi wa watu maarufu ambao hata hawajui kama yeye yupo duniani.

Nikamwomba kitu kimoja. Kwa siku tatu asifute programu yoyote wala asijinyime chochote. Achukue daftari la kawaida, na kila anaposhika simu bila kupigiwa aandike saa, kisha aandike alikuwa anafanya nini dakika moja kabla. Hiyo ni kazi ya mwandishi wa habari tu: kusanya ushahidi kwanza, hukumu baadaye.

Jumatano jioni nikalisoma daftari. Mistari ilizidi sitini. Nilitegemea kukuta "sina kazi" au "nimechoka". Yalikuwepo, lakini machache. Mistari mingi ilikuwa ya aina hii: "Nimefungua makala ya nadharia, aya ya kwanza sijaelewa." "Nimefungua maoni ya msimamizi, nimefunga." "Nimeandika sentensi moja, Kiingereza kimekataa, nimefuta." "Nimemkumbuka mama." Na baada ya kila mstari, simu. Ilikuwa kama mlango wa uani. Hofu ikibisha hodi mbele, yeye anatokea nyuma.

Nilipoanza kusoma juu ya jambo hili nikakuta wataalamu wa saikolojia walishaliona. Mwaka 2007 Piers Steel wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alikusanya tafiti nyingi zilizokwisha kufanywa kuhusu kuahirisha kazi, akaona tabia hiyo inaambatana sana na mambo kama kuichukia kazi yenyewe, kutojiamini kwamba utaiweza, na kushindwa kujizuia mbele ya kitamu kilicho karibu. Mwaka 2013 Fuschia Sirois na Timothy Pychyl wakaeleza kwamba anayeahirisha anatafuta nafuu ya moyo ya muda mfupi. Kazi inamtia hofu au aibu, akiiacha anapumua, na ile pumzi ndiyo inayomfundisha kuiacha tena siku ya pili.

Tatizo la nafuu hiyo ni riba yake. Mwaka 1997 Dianne Tice na Roy Baumeister walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani waliowafuatilia kwa muhula. Mwanzoni wale wa kuahirisha walikuwa raha mustarehe, msongo mdogo na maradhi machache kuliko wenzao. Muhula ulipokaribia kwisha mambo yakageuka. Msongo ukawazidi wenzao, maradhi yakawazidi, na alama zao zikawa chini. Mtu aliyewahi kuchukua mkopo wa kausha damu hahitaji kuelezwa zaidi. Siku ya kwanza unacheka.

Msinielewe vibaya, sisemi simu haina lake. Mwaka 2006 mbunifu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni namna ya ukurasa kujiongeza wenyewe kila unaposogeza chini, usifike mwisho. Baadaye alisema hadharani kwamba anajuta. Fikiria: gazeti lina ukurasa wa mwisho, kitabu kina jalada la nyuma, hata kahawa ya kijiweni inaisha birikani na muuzaji anaondoka. Video za TikTok hazina ya mwisho. Na kwa kuwa hujui inayofuata itakuchekesha au itakuboa, unaendelea kuvuta kama mtu aliyekaa mbele ya mashine ya kamari.

Hapa kwetu ongeza na la bando. Enzi za intaneti kafe watu walilipia kwa muda, dakika zikiisha skrini inajifunga, unatoka nje unakutana na jua. Mkongo wa SEACOM ulipofika pwani yetu mwaka 2009, na wa EASSy mwaka 2010, intaneti ikafunguka, na baada ya miaka michache ikahamia mfukoni. Faida zake hazihesabiki, mimi mwenyewe ninakula kwa huo mtandao. Lakini ile saa iliyokuwa inatutoa nje ilikufa, na badala yake likaja bando lenye tarehe ya kufa. Bando la usiku lina bei nafuu, linaanza saa sita, linakwisha alfajiri, na usipolimaliza limekwenda na hela yako. Basi mwanafunzi anakesha asipoteze kitu alichokinunua kwa shida. Tazama mizani ilivyolala: bando linakwisha leo alfajiri, tasnifu inakwisha mwezi wa sita. Nani atakayekimbilia tasnifu?

Watu huniambia, "Nyie waandishi mna nidhamu, mnaandika kila siku." Hakuna cha nidhamu. Tunaandika kwa sababu saa kumi jioni mhariri anapita mezani kuuliza "iko wapi?", na usiku mtambo wa kuchapa gazeti haumsubiri mtu. Mwanafunzi wetu naye tangu darasa la kwanza ameongozwa na kengele, mwalimu wa zamu na mitihani ya kila mwezi. Halafu mwaka wa tatu anaambiwa: hii hapa tasnifu, tuonane mwezi wa sita. Kengele moja aliyoizoea imeondolewa, na mkononi ana simu yenye kengele mia, hakuna hata moja inayomwita kwenye tasnifu.

Sasa nieleze tulichofanya, maana kulalamika peke yake hakumsaidii mtu.

Tulianza na Kiingereza, kwa kuwa ndicho kilichojaza daftari. Tusidanganyane hapa. Mdogo wangu alisoma miaka saba ya shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, akavushwa kidato cha kwanza akakuta masomo karibu yote kwa Kiingereza, akafika chuo kikuu akitakiwa kuichambua nadharia ya mtaji wa kijamii ya Mfaransa Pierre Bourdieu katika lugha ambayo alikuwa ameikariri kuliko kuielewa. Hofu yake ilikuwa na sababu. Utafiti wake ulihusu vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo mama yake naye ni mwanachama. Nikamwambia afunge kompyuta, anieleze hiyo nadharia kwa Kiswahili kama anamweleza mama mdogo pale sokoni.

Akacheka, kisha akaanza. "Mama hana hati ya nyumba ya kuweka rehani. Benki haimjui. Ila wenzake kwenye kikundi wanamjua, wanajua anaamka saa ngapi, wanajua akifiwa nani atampikia. Kule kujuana ndiko kunamdhamini. Kule kujuana ndiyo mtaji wenyewe."

Alizungumza dakika kumi na mbili bila kusimama. Nilimrekodi kwa simu yake, ile ile tuliyokuwa tunaishtaki. Alipomaliza nikamwambia, "Hiyo ndiyo sura ya pili. Iandike hivyo hivyo kwa Kiswahili, halafu uivushe kwenda Kiingereza sentensi moja moja." Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Kwani inaruhusiwa?" Swali lile liliniuma. Miaka mitatu chuo kikuu, na binti mwenye akili zake anaona kufikiri kwa lugha yake ni kosa linalohitaji ruhusa.

Halafu tukaja kwenye muda. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mtaliano mmoja, Francesco Cirillo, alipokuwa mwanafunzi na masomo yanamkataa, alichukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya akajipima nayo. Mbinu yake ikaja kujulikana duniani kwa jina la nyanya kwa Kitaliano: dakika 25 za kazi, dakika 5 za kupumzika, unarudia. Siku ya kwanza dakika 25 zilimshinda mdogo wangu. Akaanza na kumi. Kumi zikawa kumi na tano, na baada ya wiki mbili akafika 25. Saa alinunua Kariakoo, ya mezani, ya kuamshia, kwa sababu ukitumia simu kama saa, mkono ukishafika pale haurudi mtupu.

Kisha tukaliondoa neno "kesho" tukaweka saa na mahali. Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter walichapisha mwaka 1997 jaribio walilowafanyia wanafunzi Ujerumani. Waliwaomba waandike taarifa fupi wakati wa sikukuu ya Krismasi na kuituma. Wengine waliambiwa waamue kabisa wataiandika lini na wapi, wengine hawakuambiwa. Walioamua lini na wapi, zaidi ya thuluthi mbili waliandika kwa wakati. Katika kundi la pili ilikuwa kama thuluthi moja tu. Mdogo wangu akaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani: "Nikimaliza chai, saa mbili asubuhi, naenda maktaba, nakaa meza ya dirishani, nafungua ukurasa wa vikoba." Sentensi ya kawaida kabisa, lakini "nitasoma kesho" haina meza wala dirisha.

Kuhusu simu yenyewe, wiki ya kwanza alifuta programu zote za video kwa hasira, akaapa. Baada ya siku mbili akazirudisha. Kilichosaidia kuliko kiapo ni umbali. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi simu ilikaa kwa mwenzake wa chumbani, ambaye naye alimwachia ya kwake jioni. Nyumbani tulijua kukiwa na dharura tumpigie huyo mwenzake, na habari za darasa alizisoma zote kwa mkupuo saa tano. Bando la usiku akaliacha, akanunua dogo la mchana. Sitasema ilikuwa rahisi. Siku za mwanzo alikuwa anajipapasa mfukoni kama mtu aliyeibiwa.

Lililokuwa gumu kuliko yote ni kurudi kwa msimamizi. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotelea, nimeliona na kwa wengine. Kazi ambayo haijafanyika kwa wiki mbili inatia aibu. Ikifika wiki kumi na moja aibu inakuwa kubwa kuliko kazi yenyewe, na mtu yuko tayari kurudia mwaka kuliko kubisha hodi kwenye mlango ule. Wapo wanaotunga magonjwa. Wapo wanaoua bibi ambaye alishafariki zamani. Wengine wanasubiri wiki ya mwisho wanakwenda kwa desa la mwaka juzi, na siku hizi kwa akili mnemba iwaandikie sura nzima usiku mmoja, halafu wakiulizwa kwenye utetezi Bourdieu ni nani wanatazama dari. Tulikaa tukaandika ujumbe wa sentensi nne. Hakuna ugonjwa wala msiba ndani yake. Alisema amekwama kwenye nadharia, ana kurasa tatu, na anaomba kuonana naye.

Jibu lilikuja jioni ile ile: "Njoo Alhamisi saa nne na hizo tatu."

Basi. Alikwenda akitetemeka, akarudi anacheka. Mzee yule ana wanafunzi wengi, hata hizo wiki kumi na moja hakuwa amezihesabu. Alisoma kurasa, akasahihisha, akampa kazi ya Alhamisi iliyofuata. Kuanzia siku hiyo mdogo wangu akawa amempata mhariri.

Mwezi wa tano aliteleza. Ilikuwa wiki ya testi, alama moja ikaja mbaya, na siku nne zikapotea kitandani na simu mkononi. Aliponipigia alikuwa analia: "Kaka, mimi ndivyo nilivyo, sibadiliki." Sikumpa hotuba, na sababu ninayo. Mwaka 2010 Michael Wohl, Timothy Pychyl na Shannon Bennett wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliochelewa kujiandaa na mtihani. Waliojisamehe kwa kosa lile ndio waliopunguza kuahirisha walipojiandaa na mtihani uliofuata. Ukitazama daftari la mdogo wangu unaelewa kwa nini. Kinachomkimbiza ni aibu, na kumwongezea aibu ni kumwongezea mbio. Nikamwambia, "Siku nne zimekwenda. Kesho saa mbili ni dakika kumi tu." Safari hii hiyo "kesho" ilikuwa na saa.

Alikabidhi tasnifu siku mbili kabla ya mwisho. Alipata B. Siku ya mahafali mama mdogo alikuja na ndoo ya mchele kwa ajili ya pilau, akaishika ile tasnifu, akaipima uzito mkononi kama anavyopima kisado, akasema, "Kumbe ndiyo hii iliyokuwa inaendelea." Kuna picha, lakini nimekatazwa kuitoa.

Niseme na jambo moja la tahadhari. Yapo matatizo yanayozidi saa ya mezani. Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa michezo ya kielektroniki katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Ni pale mtu anapopoteza uwezo wa kujizuia, mchezo unatangulia mambo mengine yote, na anaendelea hata maisha yanapoharibika, kwa kawaida kwa mwaka mmoja au zaidi. Intaneti kwa jumla haikuwekwa kwenye orodha hiyo kama ugonjwa, kwa hiyo tusimwite kila mwanafunzi teja wa mtandao. Lakini ukimwona mwenzako halali, hali, hatoki chumbani, anasema maisha hayana maana, usimletee habari za nyanya za Kiitaliano. Mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi au hospitali, na uende naye, usimwelekeze tu njia.

Kwa wazazi na sisi kaka na dada: swali la "imefika wapi?" linajibiwa kwa neno moja, "inaendelea", na mazungumzo yamekwisha. Jaribu "nieleze inahusu nini". Mama mdogo hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini mwezi wa sita alikuwa anaijua nadharia ya mtaji wa kijamii kuliko baadhi ya wahitimu, maana alielezwa kwa simu kila Jumapili, na kila alipoelezwa mwelezaji naye alielewa zaidi.

Kwa wahadhiri wetu, ambao najua mna wanafunzi wengi na karatasi za kusahihisha hazishi: gaweni ile tarehe moja ya mwezi wa sita iwe tarehe sita ndogo. Kurasa tatu kila wiki mbili, hata mkizisoma kwa kupitisha macho. Na atakayepotea wiki tatu, mtumieni ujumbe wa mstari mmoja. Huenda yuko nyuma ya nguzo anawakwepa.

Na kwako mwanafunzi, wahenga walisema mficha uchi hazai. Uliyemkimbia huenda hajakuhesabia siku kama unavyozihesabu wewe. Chukua daftari, siku tatu tu, uone ni kitu gani hasa kinachokufanya ushike simu. Ukishakijua, mtafute mtu mmoja umweleze kwa Kiswahili.

Naishia hapa kwa leo. Wewe unayesoma haya saa nane usiku ili bando lisipotee, kalale. Litapotea tu, na wala halitakuwa la kwanza.